Mashine Inayosikika Kifuani

Ipagala, Dodoma
14 Aprili 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, mjukuu wako Shakila kikohozi kimemwachia, na naomba masikio yako yasiwe yameharibika zaidi. Ungekuwa unasikia simu ningekupigia nikakufokea. Kwa vile husikii, nakufokea kwa kalamu.

Denis wa bodaboda kaniletea mchele wako, akaleta na habari kwamba umenunua boti. Boti, baba! Tena si ya kuvulia, ni ya kutembelea tu, yenye mashine nyuma. Nikamwambia aache utani. Akaapa. Akaongeza kwamba cherehani ya marehemu mama umeiuza ili uipate. Hapo nilikaa chini.

Mama alitusomesha kwa ile cherehani. Hata kuniuliza? Wewe dereva wa malori, mtu wa nchi ya vumbi, boti umeijulia wapi? Na hayo maji yaliyofurika Bahi ni ya mvua za mwaka huu tu. Yakiondoka utaifunga mtini kama mbuzi? Hebu rudi mjini, chumba chako kipo. Nimekasirika, sikufichi.

Mwanao,
Shamila


Bahi
21 Aprili 2024

Mwanangu Shamila,

Marahaba. Mimi mzima, alhamdulillahi. Barua nimeipata na hasira zako zimefika zote, hazikupungua njiani.

Cherehani nimeiuza kweli, na niliifuta vumbi nikalia kabla haijachukuliwa. Lakini nisikilize, ingawa asiyesikia ni mimi.

Malori yameniua masikio, unajua. Tangu mama yako aondoke nakaa na watu, midomo yao inacheza, wakicheka nami nacheka, sijui tunacheka nini. Ni jela hiyo. Basi mwenye boti alinipakia siku moja, akawasha mashine. Shamila, niliisikia! Siyo masikioni, kifuani. Ilipita kwenye ubao ikaniingia mifupani, duduu-duduu, kama lori langu likipanda mlima wa Sekenke. Nikalia mbele ya mtu nisiyemjua.

Sasa kila jioni natoka. Nikipita, watu wa ukingoni wananipungia mkono, nami nawapungia. Hakuna ninayemkosea jibu. Hapo najiona mtu kati ya watu.

Wavuvi wananicheka, eti boti isiyoleta hata kambale mmoja ni ya nini. Waache, siwasikii.

Baba yako,
Rehani


Ipagala
23 Juni 2024

Baba,

Shikamoo, na pole na uchovu wa wageni. Tulifika salama baada ya Idi, ila vumbi tumelila hadi shibe. Kiuno kinaendeleaje?

Nakiri. Ulipowasha mashine ukacheka vile, moyo wangu ulilainika. Sijakuona ukicheka hivyo tangu mama alipokuwa hai. Shakila anaigiza ule mlio ndani ya beseni tangu asubuhi, duduu-duduu, majirani wanashangaa.

Lakini baba, nyumba yako inavuja, na mabati mapya umeezekea kibanda cha boti! Mashine inakunywa petroli, wewe unakunywa chai ya rangi. Umekonda, usinibishie. Na yule mzee Methodi, mwenye majaruba ya mpunga yaliyozama chini ya maji hayo, aliniita pembeni. Anasema maji yameanza kurudi nyuma, uivute boti ukingoni mapema. Yeye amezaliwa hapo. Msikilize, tafadhali. Na ule vizuri.

Mwanao,
Shamila


Bahi
18 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Kiuno kipo, kinanikumbusha umri. Mpe Shakila salamu, mwambie babu anataka naye afundishwe huo mlio.

Nisikudanganye, boti ni kama mke wa pili, kila siku ana lake. Jua linapasua mbao, naziba nyufa kwa lami. Nikimaliza kushoto, kulia kunavuja. Majani yanajisokota kwenye pangaboi la mashine. Lakini jioni nikiwasha, nasahau yote.

Methodi kaniandikia vumbini kwa kijiti: VUTA BOTI. Kisha akaandika jingine, wanalolishika sana huku: pale ng'ombe hajapita, mtu hapiti. Maji yakiondoka tope hukauka juu tu, chini ni uji. Ng'ombe akinusa tope bovu hugeuka, na watu hufuata kwato zake.

Nimemshukuru, lakini kuivuta ukingoni sasa ni kuizika ikiwa hai. Nimeipeleka katikati, penye kina, ambako maji yatakawia. Wiki chache zaidi tu. Nihurumie.

Baba yako


Ipagala
6 Oktoba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Denis anasema maji yamekwisha, boti imekaa topeni katikati, nawe unashinda ukingoni ukiitazama. Chakula huli. Nimelia, baba.

Nimeshindwa, umeshinda. Jumamosi tarehe kumi na mbili nakuja na pikapu na vijana wanne. Methodi atatuonyesha pa kupita, tutaitoa mashine, na wewe utakuja nayo Ipagala. Uani nimeweka pipa kubwa, nimelijaza maji. Mafundi hujaribia mashine za boti kwenye mapipa. Tutaifunga pale, utaegemeza kifua chako, uisikie hadi uchoke. Majirani wakilalamika watajijua!

Usiende peke yako. Ningoje.

Mwanao anayekupenda,
Shamila


Bahi
Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Shamila mwanangu,

Marahaba, marahaba mara mia! Barua yako nimeisoma hadi karatasi imelegea. Pipa! Umelitoa wapi wazo hilo? Mama yako angecheka hadi akae chini. Mabegi nimefunga tayari.

Sitaki mje kuhangaika. Naenda sasa hivi kufungua boliti za mashine, ili kesho iwe ni kubeba tu. Usiogope, jua la wiki hii limelikausha tope lote, linang'aa kama sakafu. Denis yuko mlangoni na pikipiki inaunguruma, namwona anavyotikisika, acha nimpe hii.

Kesho, inshallah.

Baba yako


Ipagala
20 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, wa kuitikia hayupo.

Barua yako ilinifikia Ijumaa mchana. Nilicheka nikisoma, hadi nilipofika penye ile sakafu. Nikampigia Methodi. Alipokea akihema, nyuma yake watu wanapiga mayowe.

Amenisimulia yote siku ya mazishi. Walikuona umeshazipita kwato za mwisho za ng'ombe, spana mkononi, unatembea haraka kama mtu anayewahi harusi. Wakaita. Ukingo mzima ukaita. Kisha mmoja akakumbuka kwamba husikii, wakasimama wote wakapunga mikono: rudi, rudi!

Uligeuka, baba. Uliwaona. Ukainua mkono ukawapungia, ukaendelea na safari.

Tope lilikushika karibu kabisa na boti. Waling'oa milango ya nyumba zao wakaitandika ili wakufikie, na jua lilikuwa kali. Walipofika, moyo wako ulikuwa umeshachoka.

Methodi anasema kosa ni lake, angekimbia badala ya kupunga. Mimi nasema ni langu, nisingeandika kwamba nakuja. Tumeligombania kama watoto na ukoko.

Boti bado iko kule. Ng'ombe hawajapita, na Methodi hamruhusu mtu kuisogelea. Pipa liko uani na maji yake. Jioni Shakila huinama, akatia mdomo karibu na maji, akafanya duduu-duduu, halafu huniuliza babu atakuja lini kuisikia. Leo nilitoka ili niyamwage. Nimeshindwa.

Mwanao,
Shamila