Upande wa Mtoni

Kaka yangu,

Mama ana nafuu, na dawa ulizomnunulia zimefika. Jana alinitania, "Umesoma kote huko uje kuorodhesha buibui? Si ungeanza na hawa wa jikoni kwangu?" Tulicheka mpaka akashikwa na kikohozi.

Kaka, kuna buibui mmoja ambaye katika nchi nzima tumempata kwenye kilima kimoja tu, hicho unachokisawazisha kwa tingatinga. Tunaye mmoja, tena mtoto, na bila aliyekomaa hatuwezi kumpa jina. Bosi wangu akasema, "Si umwambie kaka yako azime mashine?" Lakini ukizima, dawa za Mama zitatoka wapi?

Kwa hiyo sikuombi uache. Nakuomba uanze upande wa barabara, ule wa mtoni, tulikompata huyo mtoto, uwe wa mwisho. Jumamosi nitafika na chupa za spiriti za kuhifadhia buibui. Nitakaowapata nitawaua mwenyewe, ndivyo kazi yetu ilivyo, ili angalau ijulikane kwamba waliishi.

Ukiniona, tafadhali usishuke kunisalimu. Ukishuka nitalia, na siku yenyewe ya kuwatafuta ni moja.

Ni mimi, mdogo wako