Ukuta wa Sebule ya Babu

Nyumba Namba 9,
Mtaa wa Alma,
Halifax, Yorkshire.
3 Novemba.

Dada yangu mpendwa Doreen,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha ukuta uliokuwa kati ya sebule ya mbele na chumba cha kulia, kilichotokea Jumatatu moja asubuhi, mwezi uliopita, kwa pigo la nyundo. Marehemu alizaliwa zama za Malkia Viktoria, hakuwahi kuugua, na ameacha mlango mmoja ambao nao umepelekwa jaani. Mazishi yalifanyika katika pipa kubwa la taka mbele ya nyumba, na majirani walihudhuria kwa kuchungulia nyuma ya pazia.

Baada ya tangazo hilo, pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko Tasmania? Shemeji Clive na mgongo wake wanaendeleaje? Mimi namshukuru Mungu. Nyonga niliyowekewa inanibeba mradi pasiwe na ngazi, na kikohozi nilicho nacho ni cha vumbi la plasta, ingawa humu ndani wanapenda kukiita cha umri.

Unajua kwamba tangu upasuaji, sebule ya mbele ndiyo ilikuwa chumba changu. Kaka Wilfred, Mungu amrehemu, alinitandikia kitanda palepale lilipolazwa jeneza la Babu, akasema, "Hapa hapana ngazi, Muriel, na wa mwisho kulala hapa hakulalamika." Wilfred alipofariki, nyumba ikawa ya mwanawe Adrian. Yeye aliachiwa kwa maandishi. Mimi chumba changu niliachiwa kwa mdomo.

Adrian akahamia na mkewe, Imogen. Imogen si mtu mbaya, ni mtu wa kusini. Alipofika tu akaona mpangilio wa vyumba ni kosa: vyumba vidogo vidogo, kila kimoja na mlango wake, na jiko limefichwa nyuma kama mtoto mwenye aibu. Akasema nyumba haipumui. Nikamwambia inapumua vizuri mno, aje akae karibu na dirisha langu mwezi Januari.

Basi siku moja wakanikalisha kwa chai, keki ya matunda na kipande cha jibini. Imogen akasema, "Shangazi, tunataka tufungue huku chini pawe pamoja. Lakini ukitaka chumba chako, ukuta unabaki. Wewe sema tu."

"Aa, msijisumbue kwa ajili yangu, wanangu," nikasema.

Wewe umelelewa huku, Dada, huhitaji kuambiwa. Hata kipande cha keki, mara ya kwanza unakataa, mara ya pili unakataa, ya tatu unapokea shingo upande, na tangu sahani iingie umeshakichagua. Anayekubali mara ya kwanza tunasema hakufunzwa. Kwa hiyo nikakataa mara ya kwanza, nikakaa kungoja nisihiwe.

Imogen akanikumbatia. "Shangazi, wewe dhahabu. Nilimwambia Adrian hutakuwa na neno."

Imogen simlaumu. Kwao ukikataa keki, wanairudisha kabatini. Lakini Adrian amezaliwa mtaa huu. Keki hiyohiyo nimemlisha kwa mkono wangu, na kumsihi, tangu hajajua kufunga viatu. Nikamtazama. Akawa anachungulia ndani ya kikombe chake kama kuna habari zimeandikwa humo. Nakubali nilijipalia makaa, lakini aliyeshika sepeto ni yeye.

Sasa huku chini ni chumba kimoja, kutoka mlango wa barabarani hadi bustanini. Korido nayo imeondoka. Unakumbuka Babu alivyojinyima ili anunue nyumba yenye korido, anayebisha hodi asione tunakula nini? Waliofungua mlango na kutokea mezani walikuwa maskini wa kule chini mtoni. Leo Adrian amewalipa mafundi ili tufanane nao.

Joto lote linapanda ngazi kwenda kulala. Mimi nalala nyuma ya kiwambo cha kitambaa, ubavuni mwa jokofu. Nikijigeuza kitandani, wanaotazama televisheni hupunguza sauti kwa heshima. Samaki akikaangwa Ijumaa, nalala naye mpaka Jumatatu.

Bi Haigh wa namba saba alikuja kuona. Akasimama katikati, akageuka huku na huku kama mtu aliyeachwa na basi.

"Mwanga upo," akasema. "Na wewe, Muriel, unavulia wapi nguo?"

"Gizani," nikamjibu.

Jumapili iliyopita, tukiwa kwenye nyama ya kuokwa, Imogen akaanza kwa sauti yake ile ya kuuma na kupuliza. "Shangazi, tumeona mahali pazuri karibu na hospitali, pa wazee wanaojitegemea. Hakuna ngazi kabisa. Ila kama utapenda wewe."

"Hapana, wanangu. Hapa pananitosha."

"Haya, kama hutaki basi, yameisha," akasema Imogen, akavuta bakuli la mchuzi. Siku hiyo, Dada, ndipo nilipomshukuru Mungu kwamba ni mtu wa kusini.

Adrian akaweka uma chini. "Hebu fikiria tena, Shangazi. Utapata utulivu wako."

Nikakataa. Nikamwona anavuta pumzi, nikajua kinachokuja.

"Kwa ajili yangu, Shangazi. Tafadhali."

Mtu akikusihi hivyo utajibu nini? Mtoto nilimfunza mwenyewe, na amefuzu. Nikasema, "Haya, kama mnasisitiza."

Imogen akaniuliza, "Una hakika, Shangazi?" Adrian akampitishia viazi.

Nahama mwisho wa mwezi. Usimwandikie Adrian kumgombeza, nakuomba. Atakujibu kwa adabu, na wewe utajiona mkosaji. Kabati la vyombo la Mama nimempa Bi Haigh, maana hapa limekosa ukuta wa kuegemea. Kile kitambaa cha meza alichotarizi Mama Mdogo, mama yako, nitakutumia wewe. Usikiweke akiba, kitandike mle juu yake.

Msalimie sana Shemeji Clive, na binti yenu Rosalind na wanawe, na mwambie yule mdogo picha yake nimeipata. Bi Haigh anakusalimu, anauliza kama ni kweli Krismasi huko mnakula juani. Mungu awajalie paa lisilovuja, na kila mmoja wenu mlango wa kufunga.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye kwa mbali kama kwa karibu,

Muriel

Nimesahau. Hicho chumba cha karibu na hospitali tulikwenda kukiona juzi. Ni kimoja tu, kitanda, jiko na meza viko pamoja, hakuna ukuta.