Nakala ya Mama

Jumanne

Bado maneno ya mwanangu Shija, aniitaye mayu, yaani mama, yananizunguka. Anasomea kompyuta kubwa, zile zenye vichwa vingi na kumbukumbu moja. Kila kichwa huweka karibu nakala yake ya kumbukumbu hiyo. "Kimoja kikibadilisha neno, mayu, vingine visipoambiwa vitaendelea kufanyia kazi jambo lililokwisha kufa."

Leo ndugu walinituma kijijini Mwamapalala kumwambia mama kwamba kaka Masanja tumemzika Dar. Akaanza salamu, akiuliza kila mtu kwa jina.

"Na Masanja?"

"Mhola," nikajibu. Salama! Mdomo ulitangulia kwa mazoea.

Akacheka. "Huyo! Koti la mtumba alilonipa limechanika. Mwambie alete jingine."

Nikaaga, nikarudi bila kumwambia. Ee Mungu, kule kwa mama Masanja anatembea, na aliyemfufua ni mimi.