Ng'ombe Aliyekamatwa Badala ya Mshambuliaji

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Urban Nicodemo Tluway
Umri: Miaka 68
Kazi: Mwalimu mstaafu, sasa mkulima. Mlezi wa timu ya mpira wa miguu ya Kilele, Katesh
Makazi: Mogitu, Wilaya ya Hanang
Dini: Mkristo
Yameandikwa: Kituo cha polisi Katesh, Jumamosi tarehe 12 Julai 2025, saa kumi kasoro robo jioni

Kabla sijafika kwenye tukio, naomba liandikwe kosa lililotuleta hapa, kwa sababu ni kosa la watu wengi na si la hawa vijana peke yao. Wengi hudhani mchezaji ni mali ya timu. Mchezaji ni mtu. Kinachomfunga na timu ni mkataba, na mkataba una siku ya kuisha. Siku hiyo ikipita bila kuongezwa, mchezaji yuko huru kwenda anakotaka, hata kama mlimlea tangu akicheza peku. Jambo hili nimelieleza mara tatu leo asubuhi. Ninalieleza tena kwa sababu afande ameniuliza, na yeye angalau anaandika.

Mchezaji mwenyewe ni Gidion Margwe, umri miaka ishirini na mmoja, mshambuliaji wetu wa mguu wa kushoto. Mama yake ni Bernadina, mjane. Walikuwa wakiishi Jorodom hadi tope la mlima liliposhuka mwaka 2023 likachukua nyumba na mifugo yao yote. Baada ya hapo walihamia Gendabi, kwenye eneo la kaka yake Bernadina, na ndiko mama anakoishi mpaka sasa.

Mnamo mwezi Januari mwaka huu, katika dirisha dogo la usajili, viongozi wetu walimpeleka Gidion kwa mkopo kwenye timu moja ya Babati. Afande Kissa ameniambia kwao ni Mbeya, kwa hiyo nieleze jinsi sisi huku tunavyokopeshana. Mtu mwenye ng'ombe kadhaa humweka mmoja kwa ndugu au jirani asiye naye. Anayemtunza hunywa maziwa na hupeleka samadi shambani kwake. Ng'ombe hubaki wa mwenyewe, na ndama pia ni wa mwenyewe, ingawa baada ya muda mtunzaji huachiwa mmoja awe wake. Haiandikwi popote. Majirani wanajua ng'ombe ni wa nani, basi. Kwa ng'ombe utaratibu huu unafanya kazi vizuri na sina ugomvi nao.

Katibu wetu, Vicent, alimkopesha Gidion kwa utaratibu huohuo. Alikwenda Babati, wakapeana mikono, wakanywa soda, akawaambia, "Mkimaliza naye mtaturudishia." Akarudi Katesh ametulia kabisa. Mkataba wa Gidion na timu yetu ulikuwa unaisha tarehe 30 Juni. Nilimkumbusha Vicent mwezi wa nne, nikamkumbusha tena mwezi wa tano. Mara zote alinijibu kwamba suala hilo linasubiri kikao. Kikao hakijakaa hadi leo. Mwanzoni mwa mwezi huu Gidion alisaini miaka miwili na timu ya Babati, akiwa mchezaji huru. Hakumwibia mtu yeyote.

Leo saa tatu asubuhi nilifika kwenye kibanda cha chai cha Monica, pembeni ya uwanja. Niliitwa kwa simu na Cyprian, dereva wa bodaboda, ambaye ni mwenyekiti wa mashabiki. Nilimkuta na vijana wengine sita au saba, pamoja na Vicent. Kulikuwa na upepo wa baridi na wote walikuwa wamejifunika makoti, lakini maneno yalikuwa ya moto.

Cyprian alinisalimu, "Shikamoo mwalimu," na kabla sijaketi akaniuliza, "Ng'ombe wako ukimweka Gendabi, akazaa huko, ndama ni wa nani?"

Nilimjibu, "Marahaba. Ni wangu."

Akapiga meza. "Mmesikia! Mwalimu ameshamaliza. Gidion ni wetu, na magoli aliyofunga Babati ni yetu!"

Nilimwambia sijamaliza, na kwamba Gidion si ng'ombe. Kijana mmoja akasema ni kweli, ng'ombe angerudi nyumbani mwenyewe. Wakacheka.

Monica alikuwa anageuza chapati. Alisema bila kugeuka, "Nyie mkataba umewaishia kama bando la wiki, halafu mnalaumu simu."

Vicent alisema, "Tungeuongeza, dada. Tulikuwa tunasubiri kikao."

Cyprian akamgeukia yeye. "Kikao gani, katibu? Mwaka juzi kipa aliondoka tukisubiri kikao. Mwaka jana beki namba tano. Mwaka huu Gidion. Tutabaki na wewe na filimbi! Wale wa Babati wanatutukana kwenye grupu la WhatsApp, wanatuita shule ya chekechea, tunawalelea watoto wao."

Hapo Cyprian alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo. Hasira yake ilistahili kwenda kwa viongozi. Nikaeleza kwa mfano wa nyumba: ukipanga chumba kwa mwaka mmoja, mwaka ukiisha na mwenye nyumba hajakuongezea mkataba, unabeba godoro lako unaondoka, na hawezi kukufuata unakohamia. Nilidhani mfano umeeleweka. Cyprian akasema, "Lakini mwalimu, mwenye nyumba hajamfundisha mpangaji kupiga kona." Wakacheka tena, na mfano wangu ukaishia hapo.

Nilirudia. Nikarudia mara ya tatu, polepole, kama nilivyokuwa nikifundisha darasa la nne. Nikapendekeza jambo moja: wachezaji waliobaki wapewe mikataba yao sasa, na kila mmoja akae na nakala yake. Vicent alisema atalipeleka kwenye kikao.

Saa tano hivi Cyprian alisimama. Alisema wanakwenda Gendabi kuzungumza na mama yake Gidion ili amshauri mwanawe arudi. Aliondoka na vijana watatu kwenye kirikuu ya Renatus, ambaye hubeba mazao kwa gari hiyo na pia ni shabiki. Nilielewa kwamba wanakwenda kuzungumza. Mimi nilibaki kwa Monica nikinywa chai na Vicent.

Saa nane mchana kirikuu ilirudi, ikaingia uwanjani ikipiga honi. Vijana walikuwa wanaimba wimbo wa timu. Nyuma kulikuwa na ng'ombe mweusi mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso, na pembe ya kushoto imeinama. Wakamteremsha na kumfunga kwenye nguzo ya goli la kaskazini.

Nilimtambua kabla hajafungwa. Ni ng'ombe wangu. Nilimweka kwa Bernadina mwezi Machi mwaka jana, alipokuwa hana hata kuku. Alizaa mwezi uliopita, na ndama wake hakuwemo kwenye gari.

Nilimwuliza Cyprian, "Huyu ni nini?"

Akajibu, "Dhamana, mwalimu. Gidion akirudi, ng'ombe anarudi. Mama yake akikosa maziwa atampigia mwanawe simu mwenyewe."

"Ni ng'ombe wa nani?"

"Wa mama Gidion."

Nikamwambia, "Asubuhi umeniuliza kuhusu ng'ombe aliyewekwa Gendabi. Nikuulize na mimi. Anayemtunza ndiye mwenyewe?"

Alinitazama, akamtazama ng'ombe, na nikaona jambo linaanza kumwingia. Wakati huo Bernadina alifika kwa bodaboda, shuka limejaa vumbi. Hata katika hali ile alianza kwa kunisalimu, "Shikamoo mwalimu." Kisha akamwambia Cyprian, "Nilikwambia ng'ombe si wangu. Ukasema kila mtu anayedaiwa husema hivyo. Mimi nadaiwa nini na wewe?"

Bernadina akanigeukia mimi akasema, "Ng'ombe wako nimeshindwa kumlinda, mwalimu. Walikuwa watano." Akaenda kusimama karibu na ng'ombe, akamshika pembe ile iliyoinama.

Cyprian akavua kofia akasema, "Tusamehe, mwalimu. Tungejua ni wako tusingemgusa."

Afande, naomba maneno hayo yaandikwe kama alivyoyasema. Nimefundisha miaka thelathini na nne na nimeudhiwa na mengi, lakini si kama hilo. Kama ng'ombe angekuwa wa Bernadina kweli, wa mjane aliyetolewa kwenye tope, wangeendelea kumshikilia wakiimba. Nilimwambia msamaha haudaiwi na mimi. Nilimwonyesha mama. Cyprian alibaki ameshika kofia, na Monica, aliyekuwa amevuka uwanja na upawa mkononi, akamwambia, "Nenda kwa mama wa watu, mwenyekiti. Au na hilo linasubiri kikao?" Akaenda, akamwomba radhi. Bernadina alisema amesikia. Hakusema amesamehe.

Vijana walitaka kumrudisha ng'ombe wenyewe yaishe. Nilikataa, nikapiga simu kituoni. Mtu akichukua mfugo nyumbani kwa mwanamke kwa nguvu, jambo hilo si la mpira tena. Askari walifika kabla ya saa tisa, wakamchukua ng'ombe pamoja na Cyprian na Renatus.

Nikiwa njiani kuja hapa Gidion alinipigia simu kutoka Babati. Alikuwa ameshapata habari. Alisema, "Shikamoo mwalimu. Mimi nauacha huu mkataba, narudi. Waambie nimerudi, wamwachie ng'ombe wa mama."

Nilimwambia asipande gari. Nikamweleza kwamba akivunja mkataba kwa sababu ya ng'ombe, kila timu itajua namna ya kumpata: wataulizia mama yake anafuga nini.

Akasema, "Ng'ombe akilala nyumbani leo, nitabaki. Asipolala nyumbani, mwalimu, kesho asubuhi niko Katesh, na Jumatatu sitakuwa mazoezini."

Ninamfahamu tangu darasa la kwanza. Atafanya hivyo.

Afande ameniuliza kama mimi, nikiwa mwenye ng'ombe, nataka kukabidhiwa nimpeleke Mogitu. Sitaki. Mwenye ng'ombe ni mimi, lakini maziwa ni ya Bernadina na ndama yuko Gendabi. Nikimchukua mimi, nitakuwa nimekamilisha kazi ya Cyprian. Nimeelezwa kwamba ng'ombe ni kielelezo cha kesi. Naelewa, na naheshimu sheria. Lakini kielelezo hiki kina kiwele kilichojaa, na tangu tuanze kuandika kinalia hapo nje kwenye uzio. Afande mwenyewe amesimamisha kalamu mara mbili kumsikiliza. Ng'ombe anaweza kupigwa picha na alama zake zikaandikwa. Mimi na Bernadina tutamleta mahakamani siku yoyote tutakayoitwa.

Kuhusu Cyprian na Renatus, sipingi washtakiwe, wala siombi waonewe. Naomba tu Cyprian asomewe sehemu ile ya mwanzo, inayohusu mkataba. Itakuwa mara ya nne.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo. Nimesomewa yote, nimesahihisha mahali palipoandikwa kuwa ng'ombe ni "wa kijivu", na nasaini nikijua kwamba nikisema uongo nitashtakiwa.

Sahihi ya shahidi: U. N. Tluway

MAELEZO YA MWANDISHI: Mimi WP Koplo Kissa nimeyaandika maelezo haya kwa mkono wangu kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea, akakubali kuwa ni sahihi. Yamemalizika saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni. Alama za ng'ombe zimeandikwa na picha zimepigwa. Mkuu wa zamu ameridhia.

PC Gerald: mpeleke ng'ombe Gendabi kwa Bernadina leo hii, kabla ya saa ya kukamua.