Safari Hii Hakuvutwa Mguu

Mama,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mdogo wako naye alianguka. Aliteleza mwaloni, pale ziwani mitumbwi inapotia nanga, akianua dagaa, wakambeba hadi kwake Kasingirima. Nilipofika niliuona mguu wake kabla hata sijamwamkia: umekuwa mfupi kuliko mwenzake, unyayo umegeukia nje. Ulikuwa mguu wako, Mama, ule ule.

Mjomba alikuwa ameshamwita mkandaji aliyekukanda wewe. Mawese yalikuwa jikoni yanapashwa moto.

Siku ulipoanguka wewe, mimi ndiye niliyekushika mabega. Ulisema, "Nishike, mwanangu, usiniachie," nami nikakushika, mkandaji akauvuta mguu hadi ukapoteza sauti. Kisha akakufunga vijiti vya mianzi, akakaza chini ya goti kwa nje. Daktari aliniambia baadaye kwamba hapo mshipa wa fahamu unapita juu ya mfupa, hauna nyama ya kuukinga. Siku chache tu, unyayo ukalala, ukawa haunyanyuki tena. Ulicheka, ukasema kandambili imekukatalia. Nyonga iliyovunjika haikuunga. Ulilala miezi, vidonda vikaja, kifua kikaja, na msibani watu wakasema ni uzee. Nilinyamaza. Najichukia kwa kunyamaza kule.

Safari hii nilikaa mlangoni, katikati kabisa. Mjomba akasema nimekosa adabu, kwamba shule imenipanda kichwani. Nikamwambia, "Shikamoo Mjomba, lakini huyu havutwi." Mkandaji alisubiri uani, akachoka, akaondoka.

Nilimwekea Mama mdogo mto katikati ya miguu, nikaifunga pamoja kwa kanga zako mbili, bila kukaza, tukamlaza kwenye pikapu ya jirani hadi hospitali. Njia nzima alinitukana. Wamempasua, wamemwekea chuma. Jana alisimama na gongo la kutembelea la miguu minne, na mimi nikainama sakafuni kutazama unyayo wake. Ulinyanyuka. Nililia mbele ya manesi, wala sikuona haya.

Mjomba haongei nami. Shauri yake. Niliwaogopa wakubwa kwa ajili yako wewe ukiwa hai, sasa sina wa kumwogopa.

Pumzika, Mama. Kandambili zako nimempa mdogo wako, zinamtosha. Na nakuahidi hili: mikono iliyokushika wewe haitamshika tena mtu avutwe.

Mwanao