Hesabu ya Shampeni ya Upendo

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemficha binti yangu Tabitha barua ya posa kwa miaka ishirini na saba. Ililetwa na mshenga. Nilimjibu mwenyewe kwamba binti hataki. Tabitha hakuulizwa. Hajui hata kama iliandikwa. Sina muda mrefu. Daktari haandiki tena dawa mpya, ananijulia hali tu.

Leo: uji, vidonge, jua kidogo barazani. Mguu wa kushoto umevimba. Jumamosi ni sendofu, sherehe ya kumuaga mjukuu wangu Upendo, binti wa kaka yake Tabitha, kule Mikumi. Tabitha yumo kwenye kamati, upande wa vinywaji. Kanipa hesabu ya shampeni, maana nilifundisha hisabati. Wageni mia na hamsini. Chupa moja, glasi sita. Chupa ishirini na tano.

Jumanne, 5 Agosti

Tabitha kaicheka hesabu yangu.

“Baba, hizo ni za kunywa tu. Za MC je? Yule anaitikisa, anacheza nayo, nusu inaogesha sakafu!”

Nimeongeza nne. Halafu kuna meza tatu za Waislamu na walokole, watu thelathini. Tano kati ya zile ziwe zisizo na kilevi. Jumla ishirini na tisa.

Nilicheka naye mpaka kifua kikauma. Ana miaka hamsini na moja. Hajaolewa. Ndiye anayeniogesha.

Jumatano, 6 Agosti

Upande wa bwana harusi wameongeza watu kumi na wawili kutoka Ruhembe. Tabitha alinisomea majina. La nne: Elia, baba mdogo wa bwana harusi, na mkewe.

Elia ndiye aliyeandika ile barua.

“Huyu tuliimba naye kwaya,” Tabitha akasema. “Ghafla akaacha kunisalimia. Mpaka leo sijui nilimkosea nini.”

Nikaandika: ongeza chupa mbili. Mwandiko umepinda. Watakaa ukumbi mmoja, watazungumza. Lazima asikie kwangu kwanza.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikuweza. Alikuwa anapiga pasi gauni lake, anaimba. Mimi ni mwoga.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia. Alikuwa ananikanda mguu kwa maji ya moto. Nilisema yote kwa sentensi tatu, nikitazama ukuta.

Hakulia. Aliuliza, “Kwa nini, Baba?”

Nikasema Elia alitoka ukoo wa manamba, vibarua waliokuja kukata mkonge, niliogopa hatamtunza. Akainua beseni, akatoka. Amepanda gari la Mikumi bila kuniaga. Wali wa jioni kaniletea mke wa jirani. Sikuugusa.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa hizi wanafungua shampeni. Sijali kama inatosha.

Jumapili, 10 Agosti

Amerudi mchana. Shampeni ilitosha, zimebaki chupa mbili. Alinieleza hayo akikoroga uji, mgongo kwangu. Hakuniita Baba.

Alizungumza na Elia nje ya ukumbi. Elia alimwambia, “Niliambiwa hunitaki.” Yeye akamjibu, “Sikuulizwa.” Mke wa Elia akaja kumwita mumewe wakapige picha. Basi, ikaishia hapo.

Nilimwomba akae. Akakaa kwenye kigoda, mwiko bado mkononi. Nikamwambia habari ya ukoo ni uongo. Elia alikuwa mwanafunzi wangu. Kijana mpole, mchapakazi. Kama ningeambiwa nimchagulie binti yangu mume, ningemchagua yeye.

Hakuuliza tena kwa nini. Nikasema bila kuulizwa.

Barua ilipokuja, mama yake Tabitha alikuwa na miezi mitatu tu tangu azikwe. Niliogopa kulala peke yangu katika nyumba hii.