Leso Uliyomfunika Kioko

Mpendwa Mama,

Kioko alikuja jana. Najua ungekuwa hapa ungeuliza kwanza kama amekula. Amekula, Mama. Amekula ugali na sukuma wiki mpaka akalamba vidole, kisha akapangusa mdomo na kuniambia kilichomleta. Anaitaka leso yako. Si ile ya kijani ya kanisani. Anaitaka ile nyekundu yenye pindo lililochanika, uliyomfunika nayo siku tuliyokwenda kumzika naye yu hai.

“Naandaa maonyesho mengine ya sanaa, Mwende,” akasema. “Yote ni kuhusu Mathe. Leso itakaa peke yake, ukuta mzima, na taa moja juu. Watu watalia.” Mathe ni wewe, Mama; hajaacha kukuita hivyo.

Umeondoka mwaka jana tu, hata udongo haujashikana vizuri, na kaka yangu ameshapata mahali pa kukutundika. Ndiyo maana nakuandikia. Sina mwingine wa kumwambia jinsi ninavyoona kinyaa.

Unakumbuka alivyokuwa mdogo? Chumba chetu cha Makadara kilikuwa kimoja, nawe ulikigawa kwa pazia. Wakati wa kuosha vyombo ukifika, Kioko alikuwa keshajilaza kwenye kochi, macho kafumba, mdomo wazi, anakoroma kizee. Ulimsimamia, mikono kiunoni, ukaniuliza kwa sauti, “Mwende, huyu amelala au amekufa?” Nami nilijua kazi yangu. Nilijibu, “Amekufa, Mama.” Hapo ulimtekenya wayo kwa ukucha mmoja. Dole gumba lilijikunja kabla yeye mwenyewe hajajua, kisha kicheko kikamtoka. “Amefufuka!” ulisema. “Haya, sufuria zinakungoja.”

Hukuwa adui wa sanaa, kama anavyowaambia rafiki zake wa mjini. Alipomchora Baba na lori lake kwa makaa, ukutani, ulimchapa kwa kuchafua nyumba. Baba alipofariki ulinikataza kuifuta ile picha. Kila tulipopaka chokaa uliizungukia wewe mwenyewe kwa brashi ndogo, ulimi nje, kama unamnyoa mtu ndevu.

Halafu ikaja Jumamosi ile. Kioko alikuwa amehamia upande wa pili wa mji, kule kwenye miti mingi na mageti marefu, na tulikuwa tukimwona kwa nadra. Tulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya wakati Fundi Njoroge wa Kariobangi alipoingia kanisani na kofia mkononi. Ndiye aliyetengeneza jeneza la Baba, kwa hiyo sote tulimjua, na hakuna aliyependa kumwona akiwa na uso wa namna ile.

“Mama Kioko, pole sana,” akasema. “Walahi sikujua. Jeneza liliagizwa na dereva fulani, mimi nikapiga kazi tu. Leo asubuhi ndiyo wakaniletea jina la kuandika kwa msalaba. Kuliona hivi, nikajua ni kijana wako. Wameshalibeba na pickup. Shughuli ni leo saa nane.” Kisha akatuelekeza kwenye jumba alikosikia likipelekwa.

Ulikaa kwenye benchi. Hukulia. Uliuliza swali moja tu, “Ni nani amemvalisha?”

Wenzako wa kwaya hawakungoja kuambiwa. Huyu alileta unga, yule sukari, mwingine majani chai, kama inavyopasa kwenda kwenye matanga. Shemasi alitoa gari. Njiani ulikuwa ukiwatetea watu usiowajua: huenda walitutafuta wakatukosa, huenda hawakuwa na nambari ya kupiga. Mimi nilikuwa nimeushika mkono wako, nao ulikuwa baridi kama bomba la maji asubuhi.

Nimejiuliza mara nyingi tulikosaje kuona. Lakini Mama, tungeonaje? Magari yalikuwa yamejipanga nje. Mlangoni palikuwa na kitabu cha wageni, tukatia majina. Ndani watu walikuwa wamevaa nyeusi, wanaume kwa wanawake, wanasema kwa kunong'ona, na maua yapo kila pembe. Kama hayo si matanga, ni nini? Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na divai kwenye glasi. Mama Wanza, mwenzako wa kwaya, akaniambia kwa siri tusiguse, kwani hatukujua Meza ya Bwana ile ni ya dhehebu gani.

Yale mengine ndiyo yaliyotushinda. Ukuta mmoja ulikuwa umepigiliwa misumari na malapa makuukuu, ya kushoto matupu. Kwenye televisheni mzee mmoja alikuwa akilamba kioo cha dirisha, analamba tu, hachoki. Na kwenye rafu kulikuwa na chupa za maji ya kijani-nyeusi, kila moja na taa yake. Mama Wanza akasema hiyo ni dawa ya kuhifadhi maiti. Mimi niliinusa ile iliyolegea kifuniko, na nikaijua harufu. Ulikuwa ni mtaro, Mama. Mtaro kama wetu, ule uliotuumizia watoto matumbo, ule tuliokwenda kuulalamikia ofisini mpaka viatu vikaisha soli na hakuna aliyekuja. Kumbe watu wa kuja kuutazama wapo, ila mpaka utiwe kwenye chupa.

Katikati ya ukumbi, kwenye sakafu ya simiti, lilikuwa jeneza. Kioko alikuwa ndani yake.

Kifua kilikuwa wazi. Uso umepakwa jivu. Kitambaa cheupe kimemfunika kiunoni mpaka vifundoni, na nyayo ziko nje. Hapo ndipo ulipolia, “Kioko! Mwana wakwa!” na mifuko ya unga ikaanguka, na kwaya ikaanza wimbo bila kuambiwa ianze. Nililia nawe. Sikuwahi kulia vile hata kwa Baba, kwa sababu Baba tulimuuguza, tukamzoea anavyokwenda.

Wale watu wakasogea. Walitupisha kwa heshima, wengine macho yamewalowa. Dada mmoja alipiga magoti mbele yako. Nilidhani anaomba. Kumbe alikuwa akitafuta mahali pazuri pa kuupiga picha uso wako.

Ukamshika shavu, na ukaruka. “Ana joto! Huyu ana joto! Iteni daktari!” Mama Wanza akapaza sauti, “Bwana asifiwe!” na wanawake wote wakapokea. Niliwatazama wale waliovaa nyeusi. Hakuna aliyekimbia. Walikuwa wakitabasamu, glasi mkononi, kama watu wanaoletewa chakula kizuri zaidi ya walichoagiza.

Nawe ukaliacha shavu lake. Uliizunguka miguu yake polepole, ukainama, ukampitishia ukucha kwenye wayo.

Dole gumba likajikunja.

“Kioko,” ukasema. “Amka.”

Hakufumbua macho.

“Kioko, ni mimi.”

Nilikuwa nimesimama karibu na shingo yake. Nililiona koromeo likipanda na kushuka. Alimeza mate, Mama. Alikusikia, akameza mate, akaendelea kufa. Na wale watu wakapiga makofi.

Mwanamke wa lile jumba alikuja akakugusa bega. “Pole, Mama. Tafadhali usiguse. Hii ni kazi ya sanaa.”

“Kazi ya nani?”

“Ya Kioko mwenyewe. Atalala hapa mpaka jioni. Anazungumzia kifo.”

“Mbona hasemi kitu?”

Waliojua Kiswahili wakacheka, na kicheko chao kilikuwa cha kukupenda, cha kusema tazameni huyu mama alivyo wa kweli. Ningeweza kumtapikia mtu viatu. Ulivua leso yako nyekundu mabegani, ukamfunika kifua mpaka kidevuni, ukaichomeka pembeni vizuri kama ulivyozoea. “Simiti hii ni baridi,” ulisema. “Atashikwa na homa.” Mama Wanza akataka kuokota unga wake, ukamkataza. Ulisema unga wa matanga haurudi nyumbani.

Tukarudi garini. Tulipofika Jogoo Road ulisema neno moja, “Alinisikia,” na hukulisema tena mpaka mwisho wa maisha yako.

Alikuja wiki iliyofuata, unakumbuka? Nilitarajia aje kwa magoti. Alikuja akichekelea. “Mathe, mliniokoa! Watu bado wanaongea. Hawajawahi kuona kitu kama hicho.” Alidhani anakupa zawadi. Ulimpakulia chakula. Alipomaliza ulimuuliza, “Na leso yangu?” Akasema iko salama, imekuwa sehemu ya kazi, haiwezi kuondolewa kwanza. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na siku hiyo niliuona usaha ukiwa umekaa mezani kwetu ukiongeza chumvi.

Kesho yake ulinituma nikaichukue. Nilifika lile jumba peke yangu. Jeneza lilikuwa tupu, na leso yako imetandazwa ndani yake na kukunjwakunjwa kwa ufundi, ionekane kana kwamba imeanguka. Unga wenu umepangwa pembeni kwa mstari. Mfuko mmoja panya walikuwa wameutoboa, na hakuna aliyeuzoa. Watu walikuwa wakiuruka, wakisimama, wakitikisa vichwa. Nilitazama muda mrefu nikijaribu kuelewa wanachokiona. Nilikuwa tayari kuelewa, Mama, naapa. Niliona unga unamwagika tu.

Yule mwanamke aliniambia leso haitoki. Nikaichukua. Nikaifunga kiunoni, nikatembea mpaka nje. Askari wa getini, mtu mzima wa kwetu, akaniuliza, “Umeipata?” Nikasema nimeipata. Akanifungulia.

Uliifua, ukaianika, ukainusa, ukaifua tena. Ulisema bado inanuka manukato ya watu. Baadaye uliivaa mpaka pindo likachanika, na Kioko alipokuja ulimpikia kama kawaida, lakini hukumtekenya wala kumtania. Alipojilaza kwenye kochi ulimpita. Nadhani aliliona hilo. Sijui.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuliona. Siku tuliyokuzika, watu walipanga mstari wa kukuaga. Kila mtu alisimama kichwani pako. Kioko alipofika hakusimama kichwani. Alikwenda miguuni. Alitia mkono chini ya kitambaa, akakushika wayo, akakaa hapo mpaka mstari ukasimama na shemasi akakohoa. Nilijua anachokifanya. Hakuna mwingine aliyejua. Nilitaka kumwambia, usiguse. Nilitaka kumwambia, ngoja mpaka jioni. Hukukunja kidole, Mama, na yeye aliendelea kungoja mpaka nilipomwondoa kwa mkono.

Kwa hiyo jana alipoiomba leso nilimkatalia. Nilimwambia wewe si mtaro wa kutiwa kwenye chupa. Nilimwambia hata jina lako ulilipata kwake, mtaa mzima ulikuita Mama Kioko, na yeye akakuuza kwa makofi. Nilisema mengi. Mengine usingependa niyarudie.

Alisikiliza. Kisha akasema, “Alinifunika mimi, Mwende. Si wewe.”

Niliitoa leso msumarini, nikaishika kifuani. Nikamwambia, “Ukisikia baridi, njoo nitakufunika. Ukitaka kuitundika, mlango ni ule.”

Akaenda mlangoni. Alishika komeo, akakaa hapo amenipa mgongo. Halafu akasema, chini kabisa, “Nasikia baridi.”

Ilikuwa saa saba mchana, Mama, na mabati yanalia kwa jua. Sikujua kama ni kweli au anaanza kazi nyingine. Kwake mimi sijui tena. Lakini alirudi, akajilaza kwenye kochi lako, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, miguu imezidi. Nikamfunika mpaka kidevuni, nikachomeka pembeni.

Naye akafumba macho.

Mate ya kinyaa yalinijaa mdomoni. Yaleyale! Nilikaribia kumvua ile leso na kumtupa nje. Badala yake nilikwenda miguuni, nikampitishia ukucha kwenye wayo, kwa nguvu, kwa hasira.

Dole gumba likajikunja. Safari hii alifumbua macho mara moja. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, kule pazia lilikokuwa, akatafuta, akatafuta, kisha akajifunika uso kwa leso yako na kulia mpaka kochi likatikisika.

Alipoondoka sikumpekua, na leso iko msumarini pake. Imelowa upande mmoja. Sitaifua kwanza.

Lala, Mama, wewe uliyelala kweli.

Ni mimi bintiyo, dada yake Kioko.